Kitoga Asiye na Kichwa

Nyie vijana mnaojifunza batiki, kila mkija barazani kwangu Mlabani mnaanza na swali lilelile: Mama Rozi, ile kazi yako bora kuliko zote iko wapi, tuipige picha? Nikijibu kwamba iko makaburini, mnatazamana. Mnadhani akili zimeanza kuniaga. Basi naiandika mara moja hii habari, ili mniache ninywe chai yangu kwa amani. Kazi yangu bora iko chini ya udongo, imemfunika mwanamke mmoja mkorofi sana, na ina tundu ambalo mtoto mdogo angeweza kupitisha kichwa. Tundu hilo sikulikata mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini batiki ilikuwa kitu kigeni kwetu Ifakara. Alikuja mwalimu mmoja kutoka Dar es Salaam, akatufundisha akina mama kwa wiki chache, akatuachia vielelezo vyake akaondoka. Vielelezo vyenyewe vilikuwa twiga, Mmasai na mkuki wake, na Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Na sisi tukachora twiga. Wanawake ambao twiga tulimjua kwenye kitabu cha shule tu, tulichora twiga kutwa nzima. Twiga wangu walikunja magoti upande usiofaa, lakini wageni waliokuja hospitalini waliwanunua hivyohivyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kujisumbua na magoti.

Nilifanya kazi na rafiki yangu Zubeda, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yao. Mimi nilichora kwa nta, yeye alikuwa fundi wa rangi. Nta tulichanganya wenyewe, mabaki ya mishumaa na nta ya nyuki kutoka kwa warina asali. Mishumaa mitupu hupasuka ovyo kwenye kitambaa, na nta ya nyuki tupu hung'ang'ania hata ukichemsha kutwa haitoki. Pateni mchanganyiko wenu wenyewe kwa kuharibu, hakuna njia nyingine. Na sufuria ya nta ikianza kutoa moshi, itoeni jikoni hapohapo. Zubeda aliwahi kubishana na moshi, akasema bado kidogo, moto ukaruka ukala nyusi zake zote mbili. Akawa anajichora nyusi kwa wanja, na siku akiamka na haraka moja ilikaa juu kuliko mwenzake, akaonekana kama anashangaa upande mmoja. Hata zilipoota aliendelea kuzichora, alikuwa ameshazoea.

Sasa nije kwa Bibi Tekla. Alikuwa mdogo wake bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo alikuwa bibi yangu na mtani wangu kwa wakati mmoja. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, kisha akanidai majibu ya kila kosa ambalo marehemu babu aliwahi kulifanya. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya ukindu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama, kabla hata sijasikia neno batiki. Nikiwa msichana nilikaa karibu yake anasuka, akanyoosha kidole kwenye urembo wa mkeka na kuniuliza, "Hapo unaona nini?" Nikijibu naona pembe tatu, napigwa kofi la mgongo. "Mgongo wa mamba huo, we mtoto! Pembe tatu utaziona kwa mwalimu wako." Alikuwa mkali, mchoyo wa sifa, na alinusa ugoro mchana kutwa. Kibunda chake cha ugoro hakikutoka kwenye pindo la khanga. Nilimpenda sana, ingawa enzi hizo ningeona haya kusema.

Siku moja alikuja bandani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mke mwenzangu, nataka kufa."

"Leo, Bibi?"

"Nikishakuwa tayari. Mkeka wa kulalia nimeshausuka, uko uvunguni. Kilichobaki ni kitambaa cha juu ya jeneza, na hicho utanifanyia wewe. Lile shuka jeusi la kanisa silitaki. Limemfunika kila mtu hapa mjini, mpaka yule mwizi wa kuku wangu."

Nikaitikia, nami nikajifunga. Kwetu mtu akikuagiza kitu cha maziko yake ukakubali, umekubali. Ukichelewa akafa, atazikwa na shuka la mwizi wa kuku, na wewe ukoo mzima utakuangalia vibaya kwenye kila msiba mpaka nawe ubebwe. Sikuogopa ukoo peke yake. Yule bibi hakuwahi kuniomba kitu chochote maishani mwake. Na alikuwa ameanza kukohoa.

Kitambaa cha kwanza nilimchorea twiga wawili, na jua linazama nyuma yao. Nilitumia rangi yetu nzuri kuliko zote. Bibi akakitandaza mapajani, akakigeuza juu chini, akakirudisha.

"Hawa ni nani?"

"Twiga, Bibi."

"Niliwakosea nini? Mimi nimezaliwa hapa, nimekula samaki wa hapa, nimeumwa na mbu wa hapa. Umemwona wapi twiga Ifakara? Nikifika huko mbele na hawa, wataniuliza za Arusha, nitawajibu nini?"

Nikajaribu cha pili. Hicho nilikichorea maua, maua mengi, niliyoyaiga kwenye khanga ya Zubeda. Bibi hakukitandaza hata kidogo, alikichungulia tu kwenye mikunjo.

"Hapa nazikwa au natolewa mahari?"

Zubeda alicheka mpaka wanja ukamwingia machoni. Mimi nilikasirika, nikamwambia Bibi aseme mwenyewe basi anataka nini. Akanijibu kwamba hataki kitu, anataka nitoke humo bandani nikatazame, maana mjini palikuwa pamejaa watu wanaochora wasivyoviona. Kisha akaniomba nimnyanyue kwenye ndoo, akaenda zake akikohoa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza matembezi ya kazi. Mkimwona mtu anakodolea mto macho na hana ndoana wala nguo za kufua, msimcheke, huenda yuko kazini. Mume wangu hakuikubali hoja hiyo kwa muda mrefu. Aliuliza ni kazi gani hiyo ambayo mtu anarudi nayo mikono mitupu na matope magotini.

Nilipanda baiskeli mpaka Kivukoni, pale pantoni ilipokuwa ikivusha watu na magari kwenda ng'ambo ya mto Kilombero. Nikakaa penye wavuvi na kipande cha mkaa na mfuko wa saruji niliouchana ukawa karatasi. Mvuvi mmoja akatupa kitoga mkubwa mchangani mbele yangu, kichwa kipana, sharubu ndefu, mgongo unateleza. Akanitajia bei. Nikamwambia sinunui, namchora tu. Akawaita wenzake.

"Njooni mwone! Huyu mama anakula samaki kwa macho!"

Wakanizunguka, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Huyu alisema sharubu fupi, yule alisema mgongo haujanyooka vizuri, wa tatu akasema nimemwekea kitoga mdomo wa perege. Wa mdomo alikuwa sahihi. Nikaufuta kwa kidole nikachora upya, akasema bado, nikachora tena, akasema sasa ndiye. Mwisho walinibishania wao kwa wao, mmoja akaninyang'anya mkaa akachora wake ubavuni mwa wangu, na wake alikuwa mbaya, wakamcheka yeye wakaniacha mimi. Nilirudi nyumbani nanuka shombo mpaka kwenye nywele, lakini nilikuwa na kitoga wa kweli.

Bibi akautazama mfuko wa saruji, akaguna. Kwa Bibi Tekla kuguna kulikuwa sherehe.

"Huyu sawa. Anaogelea kwenye nini?"

Nikamwonyesha kipande cha kitambaa nilichojaribia rangi. Kilikuwa cha bluu.

"Bluu! Mto Kilombero umeuona bluu lini? Sizikwi na maji ya picha mimi."

Basi nikapanda treni kwenda Mlimba, na sikuwa na shughuli yoyote Mlimba. Nilikaa dirishani njia nzima. Upande mmoja milima, upande mwingine bonde limejaa maji na mpunga mpaka macho yanachoka, na kule mbali mbugani kundi la sheshe, wale swala wa bondeni kwetu, wamesimama kwenye majani mabichi, wekundu, shingo juu, wanaitazama treni kana kwamba inawachelewesha. Kwenye stesheni ya Mngeta, abiria walipokuwa wakishusha magunia, nikawaona wanawake wametoka kupalilia, wanaosha miguu kwenye mfereji. Maji yale ndiyo rangi niliyokuwa naitafuta. Si kahawia na si njano, ni chai ya maziwa iliyosahaulika kikombeni. Nilitoka mbio kutaka kuyateka, treni ikapiga honi, nikarudishwa ndani kwa kuvutwa gauni na mama mmoja muuza ndizi ambaye hakunielewa mpaka tunaachana.

Niliporudi nikateka maji ya mto wetu wenyewe kwenye chupa ya jemu, nikaiweka dirishani bandani ili Zubeda ailinganishe na rangi zake. Akaharibu mashuka mengi kabla hajaipata. Mgeni wake mmoja akaifungua chupa akaweka mdomoni, akidhani ni juisi ya ukwaju. Alisema haina sukari.

Batiki haina kifutio, hilo mnalijua. Unaanza na rangi nyepesi, unaifunika kwa nta pale unapotaka ibaki, ndipo unaingia kwenye nzito, na ukikosea mpangilio umekosea. Nilianza na weupe wa matumbo ya samaki, kisha maji, kisha majani, kisha ule wekundu wa sheshe, na mwisho kabisa weusi wa mbuga iliyoungua. Pembeni kote nikazungushia mgongo wa mamba wa Bibi, kama ulivyokuwa kwenye mikeka yake. Na upande wa kichwani nikamweka kitoga mkubwa kuliko wote, ametazama juu, sharubu zimetanda. Nilipommaliza yule kitoga nilikaa chini nikamtazama, nikajua kwamba sijawahi kufanya kitu kama kile. Nikaanza kumwimbia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa furaha au mvuke wa nta.

Rangi tuliyopata kipindi kile ilishikishwa kwa chumvi na magadi. Unaloweka kitambaa, unakitoa, halafu unakiacha kipumzike na chumvi yake yote mpaka kesho yake, bila kusuuza. Tulikianika kwenye kamba nyuma ya banda, penye kivuli, tukaenda kula.

Hapa lazima niwaeleze habari ya ng'ombe, maana nyie mmezaliwa mkawakuta. Sisi watu wa mto tulijua kwamba kiboko anakula mpunga, mamba anakula watu, na ndege wanakula kila kinachobaki. Ng'ombe tulimjua kama nyama ya bucha. Wasukuma ndio walikuwa wakiingia bondeni na makundi yao miaka hiyo, na nyuma ya banda letu palikuwa pameanza kuwa njia ya kwenda kunywesha. Msukuma hata awe mtoto asingetundika kitambaa cha chumvi kwenye njia ya ng'ombe. Sisi tulikitundika, tena kwenye usawa wa mdomo.

Tuliporudi tulimkuta dume mwekundu, paji jeupe, amesimama kivulini macho nusu yamefumba. Anatafuna taratibu kabisa. Mdomoni zinaning'inia sharubu za kitoga wangu.

Zubeda akaruka akashika kitambaa, akavuta. Dume akavuta. Zubeda akaita Mungu, dume hakuita mtu, kitambaa kikachanika, Zubeda akakaa chini pwaa na kitambaa mapajani, na dume akameza kichwa cha kitoga akajilamba pua.

Majirani wakajaa. Ng'ombe na mashamba vilikuwa vimeshaanza kuwagombanisha watu bondeni, kwa hiyo wengine walikuja na fimbo kabisa. "Twende kwa hao Wasukuma! Wamekula mpunga, sasa wanakula nguo! Kesho watatula sisi!" Nami nilikuwa katikati yao, nalia, na maneno yangu yalikuwa makali kuliko yao, siyaandiki hapa. Ndipo akatokea mwenye ng'ombe mwenyewe, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, aitwaye Mzee Luhende. Alikuwa anamfuata dume wake. Aliona fimbo zote zile na hakugeuka, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaniita mama kwa Kisukuma chake.

"Mayu, pole. Amekula nini?"

"Amekula kichwa cha samaki!"

Akanitazama. "Ng'ombe wangu?"

"Samaki wa kitambaa," akasema Zubeda pale chini.

Mzee Luhende akachukua ncha ya kitambaa, na mbele ya watu wote akailamba. Akafikiri kidogo, akalamba tena.

"Mmetia chumvi."

"Na magadi," akasema Zubeda.

"Chumvi na magadi, mkaning'iniza njiani. Mayu, hapo mmemwandalia, mmebakiza kumnawisha mikono tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata mwingine, na fimbo zikaanza kushuka. Mimi sikucheka. Mzee akaliona hilo, akauliza kitambaa ni cha nani. Nikamwambia ni cha kumfunika bibi yangu siku akifa. Akavua kofia.

"Dume wangu amekula sanda ya mtu?"

"Hajafa bado."

"Basi twende nikamwombe radhi angali anasikia."

Njia nzima kwenda kwa Bibi Tekla nilikuwa napanga maneno. Hayakuhitajika, maana habari zilikuwa zimeshafika, nadhani zilipita dirishani. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka, mkono ameshaunyoosha kukipokea kitambaa. Akakitandaza chote. Akakipapasa mto, akampapasa sheshe mmoja mmoja, akafuatisha mgongo wa mamba kwa kidole pembe zote. Kisha akaingiza mkono kwenye tundu akautoa upande wa pili, akaukunjakunja. Kisha akaliweka tundu usoni, akamtazama Mzee Luhende kwa jicho moja.

"Huyu ndiye ng'ombe?"

"Huyu ni mwenye ng'ombe, Bibi."

"Wamefanana."

Mzee Luhende akainama, akamwamkia kwa heshima zote, akaomba radhi, akasema atafanya lolote. Mimi nikadakia kwamba nitatengeneza kingine, naanza kesho. Bibi akatunyamazisha wote kwa kunusa ugoro.

"Nikiwa nimelala, hili tundu litakuwa upande gani?"

"Kichwani, Bibi."

"Vizuri. Asilishone mtu. Nitakuwa nachungulia nione nani amekuja kulia na nani amekuja kula."

"Lakini Bibi, yule kitoga ndiye alikuwa..." Alikuwa ndiye kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitoa mikononi mwangu, na alikuwa tumboni mwa dume.

"Kichwa cha kitoga kila mtu hapa anakijua kilivyo," akasema. "Watamalizia wenyewe. Hiki ndicho. Kina maji yangu." Kisha, kwa kuwa alikuwa amekaribia mno kunisifu, akaniuliza kwa nini sheshe mmoja ana makalio makubwa kama ya babu yangu.

Mzee Luhende aliposimama kuaga akasema, "Bibi, siku hiyo ikifika, huyo dume nitamleta mwenyewe hapa, kwa mkono wangu."

"Umnenepeshe basi. Usije ukaniletea mifupa kwenye msiba wangu."

Baada ya hapo kitambaa kilikaa uvunguni mwa Bibi, kimeviringishwa ndani ya mkeka. Alikitoa kila alipotembelewa, kama nyie mnavyotoa simu. Daktari mmoja mgeni aliyekuja kumpima kifua alikiona, akasimama wima. Aliomba akichukue akakitundike kwao, hivyohivyo na tundu lake. Nakiri roho yangu iliruka, maana kwa daktari kingetazamwa na watu, na kwa Bibi kingetazamwa na mchwa. Nikamtafsiria Bibi ombi lile.

"Huyo daktari anaumwa?"

"Haumwi, Bibi."

"Basi asubiri zamu yake."

Alifariki wakati wa masika, asubuhi, amekaa, mkeka umefika nusu na ukindu ungali mkononi. Kwa muda jirani yake alikuwa anaongea naye, akadhani amenuna tu kama kawaida. Na kweli, kabla hata turubai halijafungwa vizuri, Mzee Luhende akatokea kwenye mvua na kamba mkononi, na nyuma yake yule dume mwekundu, amenenepa mpaka anapumua kwa shida. Akasimama mbele ya wazee wa ukoo akasema, "Huyu alikula chenu. Nanyi mleni." Shemeji yake Zubeda akamchinja ili Waislamu na Wakristo tule chungu kimoja. Wakati wa kupakua Zubeda alipita na beseni anawaambia watu kwa sauti ya chini, "Chukua, chukua, hicho kichwa cha kitoga." Nyama ilikuwa laini. Kwa hiyo hata kile kipande hakikupotea, mjini hapa kuna watu wazima wengi tu waliokila.

Taabu ilianzia kwenye jeneza. Katekista wetu, mtu mwema lakini mwenye kupenda utaratibu, alikuwa ameshaleta shuka jeusi. Alikitazama kitambaa changu, akamtazama samaki asiye na kichwa, akasema kwa upole kwamba hakifai, kwanza kina wanyama, pili kimetoboka. Mimi nikasimama pale nimekikumbatia. Nikawaza kwamba sasa Bibi anakwenda na shuka la mwizi wa kuku, baada ya yote yale.

Binamu yake Bibi, Mzee Ponsiano, ndiye aliyeinuka. Binamu ni mtani, na mtani msibani hana mwenyewe. Akalichukua shuka jeusi, akalitandika chini kwenye tope, akalikalia.

"Katekista, hata nyavu za Petro zilitoboka, na bado alipata kazi. Mimi hapa siondoki mpaka nipewe mke."

"Mzee Ponsiano, inuka tafadhali, shuka hilo ni la kanisa."

"Na mke awe anajua kupika. Marehemu huyu alikuwa hajui."

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko walichokibana. Katekista alimbembeleza, akamvuta mkono, akaangalia mvua, akaangalia tope lilivyopanda kwenye shuka lake. Mwisho akanigeukia akanipa ishara kwa kidevu. Nikakitandaza. Tundu lilikaa palepale alipolitaka.

Pale kaburini, kabla ya kushusha, Mzee Ponsiano akafungua kibunda cha ugoro wa marehemu akaumimina wote kwenye tundu. "Tekla, huu wa njiani. Ukifika usiombeombe watu." Katekista akainua mkono tunyamaze tusali. Kukawa kimya, mvua tu. Ndipo nikaona pindo moja la kitambaa limekaa upande. Fundi ni fundi, sikuweza kuliacha. Nikainama kulinyoosha, uso wangu ukawa juu ya tundu, nikavuta pumzi.

Nilipiga chafya ambayo nadhani waliisikia ng'ambo ya mto.

"Pole, Tekla," akasema Mzee Ponsiano. "Umeshashikwa na baridi?"

Pale kaburini wote wakaangua kicheko. Katekista alijificha nyuma ya kitabu chake, mabega yanaruka. Mzee Luhende alijifunika uso kwa kofia. Mimi nilicheka mpaka nikashika magoti, na nikiwa humohumo kwenye kicheko nikaona kamba zinashuka, nikaona maji ya mto wetu yanashuka, sheshe wanashuka, kitoga wangu asiye na kichwa anashuka. Nikalia kwa sauti, Zubeda akinishika, wanja wake ukinichirizikia begani. Kazi yangu bora ilikuwa inakwenda, na sikutaka iende kwingine.

Basi picha hakuna. Twiga nao sikuwachora tena, ingawa walikuwa wanauzika. Sasa vidole vyangu vimekufa ganzi, nta siishiki, ninachoweza ni kukaa barazani na kuwagombeza nyie. Mkeka ninao, ni ule alioufikisha nusu Bibi Tekla, nikaumalizia mwenyewe vibaya vibaya. Kilichobaki ni kitambaa cha juu, na mmekuwa mkiniuliza mfanye nini ili niwafundishe kazi. Haya, kazi ndiyo hiyo nimeshawaagiza. Tokeni humo mabandani mkatazame. Kitambaa cha chumvi msikianike njiani. Twiga sitaki. Na msichelewe, nimeanza kukohoa.